Wakili na Deni la Ndugu Wawili

Mwezi uliopita tulifika Mkongo, katika Wilaya ya Rufiji, kwa barabara ile itokayo Kibiti kwenda Mloka, ili kuonana na wanachama wa huko. Mazungumzo yetu yalikusudiwa kuwa juu ya bei ya ufuta na ubovu wa barabara wakati wa masika, na kweli tulianza na hayo. Lakini haukupita muda mrefu wenyeji wetu wakatuvuta kwenye jambo jingine lililowakaa rohoni zaidi. Hapo kijijini ipo mashine ya kukoboa mpunga iliyofungwa kwa mnyororo na kufuli. Mashine hiyo ilinunuliwa kwa shirika na watu wawili, mmoja mtoto wa mjomba na mwingine mtoto wa shangazi. Mmoja alishika funguo, mwingine akashika daftari. Msimu wa tatu wakakosana juu ya hesabu, wakapelekana mahakamani, na sasa ni mwaka wa pili. Aliyeshika funguo amekwisha kuuza mikorosho yake ili amlipe wakili. Aliyeshika daftari ameuza kiwanja. Wanakijiji nao, ambao hawana shauri na mtu yeyote, hubeba mpunga wao kwa pikipiki kwenda kuukoboa kijiji cha mbali.

Mzee mmoja, ambaye wote wawili ni wajukuu zake, alituuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Alitaka kujua kama wakili ni mtu wa kumaliza ugomvi, au ni mtu wa kuulea ugomvi ili upate kukua. Tulimwahidi kwamba tutalijibu kwa njia ya ukurasa huu. Tumelifikiri sana, nasi tumeona kwamba maneno yetu wenyewe hayatoshi. Afadhali tumsimulie maisha ya wakili mmoja ambaye hakuna asiyelijua jina lake, ijapokuwa kazi yake ya uwakili ni wachache waijuao. Wakili huyo ni Mohandas Karamchand Gandhi, wa Bara Hindi.

Sote tumeona picha zake: mzee mwembamba, amejifunga shuka, ameshika fimbo. Hivyo ndivyo dunia inavyomkumbuka. Lakini kwa muda wa miaka karibu 20 mtu huyu alivaa suti na tai, akakaa ofisini akipekua madaftari ya wafanya biashara, akala ada ya kazi hiyo. Na shauri lililomfanya kuwa mtu mbele ya watu halikuwa shauri la siasa hata kidogo. Lilikuwa shauri la deni, baina ya watu wawili wa ukoo mmoja.

Alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1869 katika mji wa Porbandar, ulio pwani ya Gujarati, yaani upande ule ule walikotoka Wahindi wengi wa pwani yetu. Baba yake alikuwa waziri katika dola ndogo za huko. Alipotimiza miaka 13 alikwisha kuozwa mke, Kasturba, na baba yake alipofariki katika mwaka wa 1885 jamaa waliona kwamba kijana huyu lazima apate elimu ya Uingereza ili naye aje ashike kazi kubwa kama mzee wake. Akaondoka katika Septemba 1888, akaingia katika chama cha wanasheria cha London kiitwacho Inner Temple. Zamani zile mwanafunzi wa sheria alitakiwa kufaulu mitihani na pia kuhudhuria karamu za chakula cha jioni pamoja na wakubwa wa chama hicho, kwa hesabu maalumu kila muhula. Gandhi, ambaye hakula nyama wala hakunywa mvinyo, alikaa karamuni akila mkate na mboga. Tarehe 10 Juni 1891 alipewa cheo cha barista, na siku mbili baadaye akapanda meli kurudi kwao.

Hapa ndipo wazazi wengi wangepiga vigelegele wakidhani kazi imekwisha. Kumbe ilikuwa haijaanza. Kijana huyo alikuwa amesoma sheria za Warumi wa kale na sheria za Waingereza, lakini hakujua namna ya kuandika hati ya madai, wala hakujua lolote juu ya sheria za Wahindi na Waislamu wa nchi yake. Alifungua chumba Bombay, akangoja. Madalali wa mahakamani walimjia wakitaka wapewe fungu lao ili wamletee wateja. Akakataa, ijapokuwa aliambiwa kwamba hata mawakili wakubwa walikuwa wakitoa. Mwishowe akapata shauri dogo la madai, kwa ada ya rupia 30. Ikafika zamu yake ya kumhoji shahidi. Akasimama. Kichwa kikamzunguka, akaona kama mahakama yote inazunguka pamoja naye, asipate hata swali moja la kuuliza. Akakaa chini, akamwambia mwakilishi wa mteja amtafute wakili mwingine, akarudisha fedha, akatoka mbio kwa aibu.

Aliomba kazi ya kufundisha Kiingereza katika shule moja kwa mshahara wa rupia 75 kwa mwezi. Akakataliwa, kwa kuwa hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Basi akarudi Rajkot kwa kaka yake, akawa anaandikia watu maombi na malalamiko, akapata kama rupia 300 kwa mwezi. Ilikuwa riziki, lakini si uwakili hasa. Isitoshe, alipokwenda kumwombea kaka yake mbele ya afisa mmoja wa Kiingereza, afisa huyo aliamuru tarishi amshike mabega na kumtoa nje. Mji ule ukawa mchungu kwake.

Ndipo ilipokuja barua kutoka kampuni ya Dada Abdulla. Hao walikuwa Waislamu wa jamii ya Memon, wenyeji wa Porbandar, wenye biashara kubwa katika Natal, Afrika ya Kusini. Walikuwa na daawa ya paundi 40,000 katika mji wa Pretoria. Mawakili wakubwa wa Kizungu walikwisha kuwaweka. Walichotaka ni mtu wa kwao, ajuaye Kigujarati na Kiingereza, awasaidie mawakili hao kuelewa barua na madaftari. Nauli ya daraja la kwanza ya kwenda na kurudi, chakula na malazi, na paundi 105, kwa muda usiozidi mwaka mmoja. Gandhi aliona wazi kwamba mapatano hayo yalikuwa ya karani kuliko ya barista. Hata hivyo alikubali, akaondoka Bombay katika Aprili 1893.

Bandari ya kwanza ilikuwa Lamu. Meli ilitia nanga kwa saa chache, naye akashuka kuutazama mji, akazungumza na makarani wa posta waliokuwa Wahindi, akakawia. Maji yalikuwa na nguvu, mashua ikawa inasukumwa huku na huko, na ngazi ya meli ilikwisha kuinuliwa. Ilibidi avutwe juu kwa kamba. Tunapenda kufikiri namna historia ilivyoning'inia pale Lamu kwenye kipande cha kamba! Kutoka hapo akafika Mombasa, kisha Unguja, ambako alikaa siku nane au kumi akingoja meli nyingine.

Katika siku hizo za Unguja alifanya jambo ambalo wengi hawalitaji. Alikwenda mahakamani kutazama. Wakili mmoja Mparsi alikuwa akimhoji shahidi juu ya fedha zilizoandikwa katika daftari upande wa kuingia na upande wa kutoka. Barista wa London aliketi pale asielewe neno. Hesabu za vitabu vya biashara hakufundishwa shuleni, wala hakufundishwa Uingereza. Karani yeyote wa duka la Darajani angemshinda. Akaenda zake, na fadhaa hiyo ikamkaa moyoni. Meli iliyomchukua kutoka Unguja kwenda Msumbiji ilipita bahari ya Mafia na midomo ya mto wetu wa Rufiji, ambako majahazi siku zile yalikuwa yakipakia boriti za mikoko kwa ajili ya nyumba za Arabuni. Yeye hakushuka. Mwishoni mwa Mei akafika Durban.

Dada Abdulla alikuwa mtu asiye na elimu kubwa ya vitabu, lakini mwenye akili kali ya biashara, naye alimtazama mgeni wake aliyevaa kama bwana asijue amfanyie nini. Baada ya siku mbili tatu akamchukua mahakamani. Hakimu akamwamuru Gandhi avue kilemba chake. Akakataa, akatoka nje, akaandika barua magazetini. Safari yake ya kwenda Pretoria imesimuliwa mara nyingi, nasi hatutaikawilisha: usiku wa tarehe 7 Juni 1893 alitupwa nje ya garimoshi pale Pietermaritzburg kwa kuwa alikaa daraja la kwanza na ngozi yake haikuwa nyeupe, na mbele ya safari alipigwa katika gari la farasi. Alifika Pretoria akiwa na maumivu ya mwili, lakini shauri lilikuwa likimngoja.

Twapenda wasomaji wetu walielewe shauri lenyewe, kwa kuwa linafanana sana na mambo yatokeayo kwetu, tofauti ni ukubwa wa fedha tu. Mdai alikuwa Dada Abdulla; mdaiwa alikuwa Tayob, tajiri mwenzake wa Pretoria, wa ukoo wake na mji wake. Sehemu ya deni ilikuwa juu ya hati za ahadi, yaani karatasi ambazo mtu hutia sahihi kwamba atalipa fedha fulani siku fulani. Sehemu nyingine ilikuwa juu ya ahadi ya kutoa hati kama hizo. Mdaiwa alijitetea kwamba hati zile zilipatikana kwa hila na kwamba hakupata thamani ya kutosha badala yake. Kila upande ulikuwa na mawakili hodari, na mambo yote yalikuwa ndani ya madaftari ya Kigujarati.

Gandhi alipoanza kusoma karatasi alikuta vifupisho vya maneno asivyovijua. Alitafuta katika kamusi asione. Ikambidi amuulize karani, naye karani akamweleza kwamba maana yake ni hati ya ahadi tu. Hakuona haya. Alinunua kitabu cha kufundishia hesabu za biashara, akakisoma kama mtoto wa shule, kisha akayarudia madaftari ukurasa kwa ukurasa. Wakili mkuu wa kesi alikuwa Bwana A. W. Baker, ambaye pia alikuwa mhubiri, na ambaye alimweleza waziwazi kwamba kazi ya barista haipo kwake, ila kazi ya kumpatia habari. Kwa mwaka mzima kijana akakusanya habari: alitafsiri barua, akalinganisha tarehe, akatafuta maingizo yaliyopotea. Mwishowe hakuwapo mtu, si upande wa mdai wala upande wa mdaiwa, aliyeijua kesi ile kumliko yeye. Ndipo alipotambua jambo alilokwisha kuambiwa na wakubwa wa kazi hiyo, kwamba robo tatu za sheria ni kuyajua mambo yalivyotokea. Mtu akiyajua mambo yalivyo, sheria humfuata yenyewe.

Jambo jingine alilolifanya Pretoria lingemshangaza wakili wa siku hizi. Alikwenda kujuana na Tayob, yaani adui wa tajiri wake. Hakumficha kazi aliyokuja kuifanya. Alimwambia kwamba angependa kukutana na Wahindi wote wa mji ule ili wazungumze juu ya hali yao, na Tayob akamsaidia kuita mkutano. Katika mkutano huo Gandhi, ambaye hapo nyuma alishindwa kumhoji shahidi mmoja, alitoa hotuba yake ya kwanza mbele ya watu. Na hotuba hiyo ilikuwa juu ya kusema kweli katika biashara. Siku nyingine alipigwa teke na askari aliyelinda nyumba ya Rais Kruger, kwa kosa la kupita kando ya njia. Rafiki Mzungu aliyeshuhudia alimtaka afungue mashtaka. Akakataa, akasema amejiwekea kanuni ya kutokwenda mahakamani kwa ajili ya jambo lililompata yeye mwenyewe.

Kadiri alivyoyajua madaftari, ndivyo alivyoona kwamba haki iko upande wa Dada Abdulla. Lakini aliona jambo la pili pia. Mawakili wa pande zote mbili walikuwa wakitoza ada siku baada ya siku. Kila mmoja alitafuta hoja mpya za kumsaidia mteja wake, na kila hoja ilikuwa na bei. Biashara za wote wawili zilikuwa zikisimama kwa kuwa akili zao zote zilikuwa mahakamani. Hata atakayeshinda hatarudishiwa gharama zake zote, kwani sheria humlipisha mshindwa kiasi fulani tu, na ada halisi ya wakili huwa kubwa kuliko kiasi hicho. Na chuki ikikua kila siku. Akamwendea Tayob, akamshauri wakubali mwamuzi. Akamwendea Dada Abdulla, akamshauri vivyo hivyo. Haikuwa kazi ya siku moja. Walikubali mwishowe, mwamuzi akateuliwa, kesi ikasikilizwa mbele yake, na Dada Abdulla akashinda: paundi 37,000 na gharama.

Mawakili wengi hapa wangefunga jalada, wakatuma hesabu yao, wakaenda kula. Gandhi hakuridhika. Tayob hakuwa na uwezo wa kutoa fedha zote hizo kwa mara moja. Angekamatiwa mali siku ile, angefilisika. Na kwa watu wa Porbandar wa jamii ile kufilisika kulikuwa ni aibu iliyopita kifo. Dada Abdulla naye alikuwa na hukumu mkononi, na mwenye hukumu huona utamu wa kuikaza. Gandhi aeleza kwamba kumshawishi mshindi akubali kulipwa kidogo kidogo, kwa mafungu na kwa muda mrefu, kulikuwa kugumu kuliko kuwashawishi wote wawili wakubali mwamuzi. Lakini Dada Abdulla alikubali. Mdaiwa akalipa bila ya kufilisika, mdai akapata haki yake, na heshima ya wote wawili ikapanda mbele ya watu. Kijana wa miaka 24 akaona kwamba kazi ya kweli ya wakili ni kuwaunganisha watu waliotengana. Katika miaka iliyofuata mashauri yake mamia yaliishia kwa mapatano nje ya mahakama, wala hakuona kwamba alipungukiwa na fedha kwa ajili hiyo.

Mwaka wake ukaisha. Akarudi Durban katika 1894, tayari kupanda meli. Katika karamu ya kumwaga akaona gazetini habari ya muswada wa kuwanyima Wahindi wa Natal kura, na matajiri wakamsihi akae. Alikataa kulipwa kwa kazi ya umma, akasema afadhali wampe mashauri yao. Basi wafanya biashara wapatao 20 wakamweka kuwa wakili wao kwa mwaka mzima. Chama cha mawakili Wazungu kilipinga asisajiliwe kwa sababu ya rangi yake. Mahakama Kuu ikayatupa mapingamizi hayo, akaapishwa, na baada ya kiapo Jaji Mkuu akamwambia avue kilemba. Safari hii alivua. Rafiki zake walimlaumu, naye akajibu kwamba amehifadhi nguvu zake kwa ajili ya vita vikubwa zaidi. Kila mtu na alipime hilo kwa mizani yake, sisi hatumlaumu.

Kabla hajamaliza miezi minne ya kazi aliingia ofisini mwake kibarua mmoja Mtamil aitwaye Balasundaram, nguo zimeraruka, kitambaa cha kichwa mkononi, meno mawili ya mbele yamevunjwa, damu inamtoka. Alipigwa na bwana wake. Kibarua wa mkataba katika Natal hakuwa kama mtumishi wa kawaida: akiacha kazi hushitakiwa kwa jinai na kufungwa. Gandhi alimpeleka kwa daktari apate cheti, kisha kwa hakimu, ambaye alighadhibika na kutoa hati ya kumwita bwana yule. Wakili mwenye kutafuta sifa angeliona shauri la kutangazia jina. Gandhi aliona kwamba adhabu ya bwana haitamponyesha kibarua. Alichohitaji ni kuondoka mikononi mwake. Akapatana na bwana yule mkataba uhamishwe, akamtafutia kibarua tajiri mwingine. Habari ikaenea mashambani mpaka Madras, na tangu siku hiyo ofisi yake ikajaa vibarua. Hao ndio waliotozwa baadaye kodi ya paundi tatu kila mwaka mkataba wao ulipokwisha, hali mshahara wao wa mwezi haukufika paundi moja. Kodi hiyo aliipigania mpaka ikafutwa katika 1914.

Kuanzia 1903 aliweka ofisi Johannesburg. Huko lilitokea shauri ambalo twapenda kila karani na kila mweka hazina alisome. Lilikuwa shauri refu la hesabu, likapelekwa kwa waamuzi waliokuwa wajuzi wa hesabu, na mteja wa Gandhi akashinda kabisa. Lakini katika hesabu ya waamuzi palikuwa na kosa: fedha zilizopaswa kuandikwa upande wa kutoka ziliandikwa upande wa kuingia. Kosa lilimfaidi mteja wake. Upande wa pili walipinga uamuzi kwa sababu nyingine. Wakili mwenzake, aliyekuwa mkubwa wake, alisema si wajibu wa wakili kukiri kosa asiloulizwa, na kwamba wakikiri huenda uamuzi wote ukafutwa. Gandhi akasema kosa na likiriwe, hata kama tutapoteza. Mteja akamwachia. Mbele ya majaji alihojiwa kwa ukali, kana kwamba analeta hila, mpaka majaji walipofahamu kwamba mtu huyu anasema dhidi ya faida yake mwenyewe. Uamuzi ukaachwa, kosa likasahihishwa, mteja akashinda kwa haki. Shauri jingine, alipogundua katikati ya kesi kwamba mteja wake mwenyewe amemdanganya, alimwomba hakimu aitupe kesi hiyo. Na rafiki yake mkubwa, tajiri Rustomji wa Durban, alipokamatwa kwa magendo, alimwambia aende akakiri yote kwa wakuu wa forodha. Rustomji akalipa maradufu ya kiasi alichokiri, akaponea gereza, na habari yote akaiandika na kuitundika ukutani ofisini mwake ili warithi wake waione.

Tungeishia hapa tungekuwa tumeficha upande wa pili wa daftari, nalo ndilo kosa tunalolikemea. Katika miaka ile ya kwanza Gandhi aliwatetea Wahindi, na hasa matajiri, mara nyingine kwa kuwadharau Waafrika. Aliandika juu yetu kwa maneno ya kutweza. Katika Durban, ambako posta ilikuwa na mlango wa Wazungu na mlango wa wengine wote, alilalamika kwamba Wahindi wachanganywa na Waafrika, ukaongezwa mlango wa tatu. Haki aliyoipigania haikuwa ya wote. Kwa sababu hiyo sanamu yake iliyosimamishwa katika Chuo Kikuu cha Ghana iliondolewa katika Desemba 2018, baada ya wahadhiri na wanafunzi kudai hivyo. Fikira zake zilipanuka kadiri alivyokua, lakini yaliyoandikwa yameandikwa, nasi hatuna ruhusa ya kuyafuta kwa kuwa twapenda mengine aliyoyatenda.

Tangu Septemba 1906 vita vya kupinga sheria za ubaguzi bila ya silaha vilimwingiza mara kwa mara gerezani, na kidogo kidogo akaiacha kazi ya uwakili. Aliporudi Bara Hindi katika 1915 hakufungua ofisi tena. Lakini ufundi wake haukumtoka. Katika 1917 wakulima wa Champaran, waliolazimishwa na mabwana shamba Wazungu kulima nili katika sehemu tatu za kila ishirini za ardhi yao, walimwita. Alikuta mawakili wa jimbo lile wakiwatetea wakulima hao maskini kwa ada za kushangaza, akawaambia waache kesi, washike kalamu. Wakaandika maelezo ya maelfu ya wakulima, kila mmoja akihojiwa asije akatia chumvi. Mbele ya karatasi hizo serikali ikaunda tume, utaratibu ule ukafutwa, na mabwana shamba wakakubali kurudisha robo ya fedha walizotoza kwa dhuluma. Wapo waliouliza kwa nini akubali robo tu. Aliona kwamba kurudisha hata senti moja ni kukiri. Mwaka uliofuata wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya Ahmedabad walidai nyongeza ya asilimia 35, matajiri wakatoa 20. Baada ya mgomo wa wiki tatu hivi jambo likapelekwa kwa mwamuzi, kama lile la Pretoria, na mwamuzi akatoa 35.

Katika Machi 1922 alihukumiwa kifungo cha miaka sita kwa makala alizoandika dhidi ya serikali, na Novemba ya mwaka huo Inner Temple ikalifuta jina lake katika orodha ya mabarista. Aliuawa kwa risasi mjini Delhi tarehe 30 Januari 1948. Jina lake lilirudishwa katika orodha ile katika 1988, miaka 40 baada ya kufa.

Sasa turudi kwa mzee wetu wa Mkongo. Hapa nchini, tangu 1994, sheria ya mwenendo wa madai imewapa wadai nafasi ya kukaa na msuluhishi kabla shauri halijasikilizwa. Tangu 1999 tunayo Mahakama ya Biashara katika Mahakama Kuu. Na Bunge limetunga Sheria ya Usuluhishi ya 2020. Milango ipo, na hailazimiki kwamba kila deni lipitie mlango ule ulio ghali. Mashauri mengine hayana budi kuhukumiwa, hasa mnyonge anapodhulumiwa na mwenye nguvu asiyetaka kuketi. Mtu asituelewe kwamba twasema haki iuzwe kwa ajili ya amani. Lakini mashine ya mpunga si jambo la namna hiyo. Tulipoomba kuliona daftari lile linalogombaniwa tuliletewa. Lina kurasa 60 hivi, limeandikwa kwa penseli, na kurasa nyingine zimeingia maji ya mafuriko. Mtu mwenye subira aweza kulisoma lote kwa siku mbili, akiwa na wenyewe wawili pembeni yake. Tuliwauliza, kila mmoja peke yake, kama yuko mtu aliyewahi kufanya hivyo katika miaka hii miwili. Wote wawili walijibu kwamba hayuko.